Siku Niliyocheza Gofu na Baba Mkwe

Mfuko wa fimbo za gofu za baba mkwe wangu ulikaa mlangoni kwetu tangu Jumapili, umeegemea ukuta chini ya makoti, ukimsubiri mume wangu aupeleke Jumamosi kwenye duka la hisani, lile linalouza vitu ambavyo watu wamevitoa bure. Baba mwenyewe ndiye aliyeutoa chini ya ngazi na kuuweka pale. Alisema kuna mtu atazitumia, yeye gofu amemaliza. Kisha akarudi kwenye kiti chake karibu na hita, akavuta kofia ikamfika kwenye nyusi, na hatukumsikia tena mpaka wakati wa chakula.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tunakaa Hodge Hill, mashariki ya Birmingham. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, wiki nzima yuko barabarani. Mimi nilikuwa muuguzi katika hospitali kule Bordesley Green. Kwa hiyo nikiwa siko zamu, aliyekuwa anashinda na baba ni mimi, mpaka binti yetu arudi shule. Na ni mimi niliyekuwa nikipita mlangoni kila siku nikiuona ule mfuko, na kila nikiuona nilitamani kuupiga teke.

Fimbo zenyewe hazikuwa na uzuri wowote. Zilikuwa pungufu, za zamani, na mishikio yake aliizungushia vipande vya tyubu ya baiskeli. Lakini alizibeba mwenyewe kutoka nyumbani baada ya mama mkwe kufariki, mwanawe alipomleta akae nasi. Watu wengine huja Ulaya na masanduku ya nguo. Yeye alikuja na suti mbili na fimbo za gofu. Katika kazi yangu nimewaona wazee wengi wanaume wakiacha vitu kimoja kimoja. Kwanza gazeti, halafu kunyoa ndevu, halafu chakula. Niliogopa kwamba fimbo zikitoka nje ya ule mlango, baba naye atazifuata. Sikutaka ziondoke, basi.

Binti yangu aliliona hilo kabla yangu. Nilipomwuliza kama babu yake amekula, alinijibu kama kawaida ya watoto waliozaliwa kule, wanaoelewa Kiswahili vizuri kisha wanakujibu Kiingereza. "Babu isn't sick, Mum. He's bored." Nilimwambia ashike adabu yake, lakini alikuwa amesema kweli.

Ungesema, si umwambie tu mzee azirudishe fimbo chini ya ngazi? Sisi ni Wanyakyusa, na kwetu mke na baba mkwe hawazoeani. Bibi yangu alipokutana na baba mkwe wake njiani aliingia migombani akajificha mpaka mzee apite. Hakumtazama usoni, hakutaja jina lake, na neno lolote linalofanana na jina hilo alilikwepa maisha yake yote. Mimi na baba tulikuwa tumelegeza mengi, maana nyumba za Birmingham hazina migomba ya kujificha. Tulisemezana. Lakini sikumpa kitu mkononi: chai naiweka mezani, narudi nyuma, ndipo anaichukua. Hatukula meza moja wala kukaa kiti kimoja. Na hatukuwahi kupeana mkono, hata siku aliyoshuka kwenye ndege. Mume wangu alimkumbatia, mimi nikapiga goti na kuviangalia viatu vyake. Mtu wa namna hiyo utaanzia wapi kumwambia kwamba anakosea?

Kilichomvunja moyo nakijua, kwa sababu nilikuwepo. Mimi mwenyewe gofu nilijifunzia Birmingham, kwenye uwanja wa manispaa, kwa sababu muuguzi mwenzangu alinivuta siku moja tukitoka zamu na nikagundua kwamba kuupiga mpira kwa nguvu zako zote kunasaidia sana baada ya kuamrishwa usiku kucha. Baba alipofika, mume wangu, ambaye kwake mchezo ni mpira wa miguu peke yake, alinikabidhi: "Mpeleke mzee, nyie ndio wenye wazimu mmoja." Nikampeleka. Ilikuwa majira ya baridi na uwanja mzima umelowa chapachapa.

Baba alijifunza gofu mgodini, mkoa wa Shinyanga, alikokuwa msimamizi wa karakana. Kule nchi ni kavu na ardhi ni ngumu. Kuzunguka shimo, pale ambapo viwanja vingine vina majani yaliyonyolewa yakawa laini, wao walikuwa na mchanga uliomwagiwa oili chafu ya magari ili upepo usiupeperushe. Ukimaliza kucheza unaburuta gunia juu yake kufuta nyayo zako. Kwenye uwanja kama huo hakuna faida ya kuupeleka mpira juu, kwa sababu ukishuka unaruka usikokujua. Unaupiga chini chini, unatua mapema, unakimbia wenyewe hadi unapotaka. Baba alikuwa hodari wa pigo hilo. Birmingham akalipiga vilevile, mpira ukatua kwenye tope na kukaa hapo hapo. Akapiga tena, ukakaa tena. Vijana wawili waliokuwa nyuma yetu walisimama kwa adabu, mmoja akasema, "Take your time, sir." Alisema kwa wema, lakini baba aliusikia ule wema na haukumpendeza. Tulirudi mara kadhaa baada ya hapo, na kila mara alipiga mashimo machache zaidi, mpaka ile Jumapili alipoutoa mfuko chini ya ngazi.

Mzee aliyekaa kwenye kibanda cha tiketi pale uwanjani ndiye aliyenifungua macho. Nilimsimulia habari za oili chafu na gunia, akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaniambia nimpeleke baba pwani. Viwanja vya zamani vya kule, alisema, viko juu ya mchanga, havina miti, maji ya mvua yanapotea chini mara moja, na wakati wa kiangazi ardhi ni ngumu kama meza. Huko mpira haukai pale unapotua, unakwenda. Nikamwuliza kama wanawake na wazee wageni wanaruhusiwa, akasema nipige simu.

Nikapiga, kwenye uwanja mmoja wa pwani ya Wales, umbali wa asubuhi nzima kwa gari. Kiangazi cha kule ndiyo kwanza kimeanza, wakanipa Alhamisi ya wiki ile ile. Kwa kuwa maneno mazito sikumpelekea baba moja kwa moja, nilimtuma binti yangu. Alisimama mbele ya kile kiti, akasema, "Babu, Mama anasema Thursday mnaenda beach, ubebe fimbo."

"Mwambie mama yako mimi siogelei," alijibu baba.

Ikabidi nitokeze mwenyewe mlango wa jikoni, nikiangalia pembeni. "Ni mara moja tu, Baba. Jumamosi mfuko utakwenda kama ulivyosema."

"Haya," alisema. "Nitakwenda kuziaga."

Neno hilo lilinichoma, lakini nilishukuru.

Alhamisi tuliondoka alfajiri. Baba alikaa kiti cha nyuma, kama desturi inavyotaka, na mimi nimekigeuza kioo cha ndani kidogo ili tusitazamane. Tulipita milima ya Wales yenye kondoo wengi kuliko watu, na maneno yake yote ya njiani yalikuwa kwamba wale kondoo hawana mchungaji. Tulipofika, bwana mmoja mwenye tai, katibu wa klabu, alitoka mbio akamfungulia baba mlango wa nyuma. Akamkaribisha kwa unyenyekevu mkubwa, maana mzee wa Kiafrika mwenye suti na dereva hawezi kuwa mtu mdogo. Kisha akanigeukia na kunionyesha mlango wa jikoni, akaniambia nitapata chai huko wakati namsubiri bosi wangu. Nilifungua buti, nikatoa mfuko wa baba, nikatoa na wangu, nikauvaa begani. Yule bwana aliiva kama nyanya. Baba alikuwa anaangalia baharini, lakini niliona mabega yake yanatikisika, na nikajua anacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu afike Uingereza.

Nimecheza viwanja vingi tangu siku ile na bado naupenda ule kuliko vyote. Ukiuona mara ya kwanza utadhani hakuna uwanja. Kuna vilima vya mchanga vilivyoota nyasi ndefu zenye ncha kali, kuna bahari nyuma yake, kuna reli inayopita kando, na katikati ya hivyo vyote kuna ukanda wa majani mafupi unaopanda na kushuka kama shuka iliyotandikwa haraka. Hakuna maua wala bwawa la mapambo. Mitego ya mchanga, yale mabonde madogo yanayonasa mipira, imechimbwa na kondoo waliokuwa wakijikinga upepo, ndivyo katibu alivyotuambia, na watu waliongezea tu kuta za mataruma ya reli. Nilipenda kwamba mtu alikuja hapo zamani, akaangalia, akaona kazi nyingi imeshafanyika, akachimba mashimo na kusimika bendera. Sio kila mtu ana akili ya kuviacha vitu jinsi vilivyo.

Baba hakuangalia vilima wala bahari. Aliinama, akapiga ardhi kwa kisigino cha kiatu. Ikalia. Akapiga tena, mahali pengine, ikalia hivyo hivyo. Akajinyoosha polepole na kunitazama, kisha akakumbuka na kuangalia pembeni.

"Ngumu," alisema.

"Ngumu, Baba," nilijibu.

Tulikubaliana kushindana shimo kwa shimo. Anayemaliza shimo kwa mapigo machache anashinda hilo shimo, halafu mnaanza jingine, na mwenye mashimo mengi mwishoni ndiye mshindi. Mimi nilianza kwa kujidai. Nikaupeleka mpira juu, kama nilivyofundishwa Birmingham, na upepo wa baharini ukauchukua ukaupeleka kwenye nyasi ndefu, tukautafuta kama watu waliopoteza hereni. Baba alichukua fimbo yake yenye tyubu ya baiskeli, akasimama miguu karibu karibu, akapiga. Mpira haukuinuka kupita goti la mtu. Ulitua mapema, ukaanza kukimbia. Ulipanda kilima kidogo, ukashuka, ukapinda na ardhi, tukadhani umesimama, kumbe bado. Ulipotulia kweli alikuwa amenipita mbali. Akasafisha koo lake na kuanza kutembea, na mwendo wake haukuwa wa mtu aliyekuja kuaga.

Nilimfuata nyuma, upande, nisiikanyage njia yake, kama nifanyavyo nyumbani. Na hapo niligundua jambo lililonichekesha: gofu nayo ina desturi zake za ukwe. Usikanyage njia ya mpira wa mwenzako. Usimsimamie nyuma akipiga. Usiongee. Usimwangushie kivuli. Mwanamke wa Kinyakyusa hahitaji kufundishwa hayo.

Lakini ipo desturi moja ya gofu iliyoniponza. Mpira wa mwenzako ukiwa karibu sana na shimo, unaweza kumwambia basi, inatosha, nimekusamehe, na yeye anauokota bila kuupiga, inahesabiwa ameutia. Ni uungwana wa kawaida. Shimo la kwanza mpira wa baba ulikuwa karibu kiasi cha kiganja, nikamsamehe, akaokota. La pili ulikuwa kiasi cha mkono, nikamsamehe. La tatu ulikuwa mbali zaidi na ardhi imeinama, mtu yeyote angeweza kukosa, nikasikia mdomo wangu unasema, "Inatosha, Baba." Ningesemaje vingine? Nisimame na bendera mkononi nimtazame baba wa mume wangu akihangaika, nikiomba akose? Hata mpira wangu ulipokuwa mbali zaidi, na sheria inasema aliye mbali ndiye anayetangulia, nilimwacha apige kwanza. Mwanamke atamtangulia vipi baba mkwe? Na nilipokuwa na nafasi ya kushinda, mkono ulilegea wenyewe. Sikupanga. Ni malezi tu, yalinipiga chenga mimi mwenyewe.

Mwanzoni alikuwa anaokota na kwenda. Halafu akawa anasimama kidogo kabla ya kuokota. Halafu akawa anaokota bila kusema asante. Mimi nikadhani amechoka. Tulikuwa tumepita zaidi ya nusu ya uwanja, baba anaongoza kwa mashimo mengi, na mimi nafurahi moyoni kwamba mpango wangu umefaulu, mzee atarudi nyumbani na ushindi na mfuko utarudi chini ya ngazi.

Ilikuwa kwenye shimo lililo kando ya reli. Nilimsamehe mpira ambao, nikisema kweli, hata mimi nisingeutia kwa siku nzima. Treni ndogo ya mabehewa mawili ilipita, watu wakatupungia mikono. Baba hakupunga wala hakuokota. Aliisubiri treni ipite yote, akasema, "Mkwe, simama hapo."

Nikasimama.

"Mpira huu nani amekuambia ningeutia?"

Niliuangalia ule mpira.

"Na ule wa nyuma? Na ule wa kabla yake, ambapo wewe ndiye uliyekuwa mbali na ukanitanguliza mimi?"

"Ni heshima, Baba."

"Heshima naijua kabla hujazaliwa," alisema. Hakupaza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Heshima ya nyumbani sijawahi kuilalamikia. Kwa ajili yake nakula peke yangu kama mfungwa, nimenyamaza. Lakini leo nimekuja kujua kitu kimoja tu. Kwamba mchezo umekwisha mwilini mwangu, au ni yale matope yenu. Sasa wewe ukinisamehe kila kitu, mimi narudi kwenye kile kiti bila kujua. Umenileta mbali hivi ili nirudi bila kujua?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Wale vijana wa Birmingham walimwonea huruma kwa maneno manne. Mimi nilikuwa nimemwonea huruma tangu asubuhi. Halafu, kwa sababu ndivyo nilivyo, aibu ikageuka hasira. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, nimeendesha gari tangu alfajiri, nimeitwa dereva, na sasa nagombezwa kwa kuwa na adabu. Nikainua uso na kumtazama, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

"Basi, Baba," nilisema. "Tufute yote ya nyuma. Tuanzie hapa. Lakini usije ukalalamika."

Uso wake ulibadilika. Sitaki kutia chumvi, haikuwa tabasamu, lakini macho yalichangamka kama ya mtu aliyeitwa kwa jina lake baada ya muda mrefu.

"Mpira wako uko mbali," alisema. "Tangulia."

Nikatangulia, nikautia. Shimo hilo likawa langu. Lililofuata akalichukua yeye, na lililofuata hilo pia. Nikaanza kuliiga lile pigo lake la chini chini, kwa sababu mapigo yangu ya juu yalikuwa yananitia aibu, na mara ya tatu likanikubali. Nililiona jicho lake likiufuata mpira wangu unavyokimbia. "Usilegeze kiwiko," alisema, kisha akaonekana kujuta kunisaidia.

Kuna pigo moja alilipiga ambalo bado naliona. Mpira wake ulikuwa umelala kwenye bonde dogo, upepo unampiga usoni, na kati yake na bendera kuna kilima kinachoficha shimo zima. Mimi ningeupeleka juu na kuomba Mungu. Baba alipanda kilima, akaangalia, akashuka, akapanda tena. Akaiweka kando fimbo aliyoishika, akachukua ile bapa ya kusukumia mpira shimoni, ambayo watu huitumia wakiwa wamefika karibu. Akausukuma mpira mbali kabisa na bendera. Nilidhani amekosea. Mpira ulipanda pembeni mwa kilima, ukapungua mwendo pale juu, ukakata kona, ukaanza kuteremka upande wa pili mahali tusipouona. Nilikimbia kwenda kuangalia, nimesahau adabu zote, nikampita mbele. Ulikuwa umesimama kiasi cha hatua moja kutoka shimoni. Nilitaka kupiga vigelegele. Badala yake niliisimamia bendera na kukaza uso, na alipofika alinitazama kuona kama nitamsamehe ile hatua moja. Sikumsamehe. Akautia.

Nikajitahidi kuyarudisha yale aliyonizidi, na tulifika shimo la mwisho tukiwa sawa. Limeelekea jengo la klabu, na kwenye kibaraza yule katibu mwenye tai alikuwa amesimama na kikombe chake. Tulipiga vizuri wote. Baba alifika karibu na bendera kwa mapigo sawa na yangu, akiwa mbali zaidi, kwa hiyo akapiga kwanza. Mpira ulikwenda sawasawa, ukagusa ukingo wa shimo na kusimama upande wa pili. Aliguna. Akaumalizia kwa pigo jingine. Mimi nilikuwa na hatua moja, labda na kidogo. Nikiutia nimeshinda. Nikikosa tumetoka sare.

Nilimtazama. Mtu yeyote muungwana, katika mchezo wa kirafiki, jioni inaingia na watu wana safari ndefu, angeweza kusema basi, inatosha. Nilimngoja aseme. Baba alishika bendera kwa mikono miwili, akageuka akaiangalia milima, akafunga mdomo wake. Hakunipa.

Ndipo nikaielewa hali yangu. Nikikosa, hata nikikosa kwa bahati mbaya kabisa, hataamini. Atajua moyoni mwake kwamba mkwe amemhurumia tena, na kila kitu tulichofanya tangu pale kwenye reli kitakuwa uongo, na lile pigo la kilimani pia, na Jumamosi mfuko utakwenda. Sikuwahi kutaka kumshinda mtu kama nilivyotaka kumshinda mzee yule wakati ule, na sikuwahi kumpenda zaidi. Nilijikaza. Nikasimama miguu karibu karibu kama yeye, sikulegeza kiwiko, nikausukuma bila woga. Ukaingia.

Baba alirudisha bendera shimoni. Akavua kofia. Akanyoosha mkono.

Wachezaji wote wa gofu hufanya hivyo shimo la mwisho, nilikuwa nimefanya mara nyingi na wauguzi wenzangu. Nikautazama ule mkono, wenye kovu la karakana juu ya kidole gumba, na mwili wangu ukaanza wenyewe kushuka kupiga goti.

"Hapa hawapigi magoti," alisema baba.

Nikaifuta mikono yangu kwenye suruali na kumpa mmoja. Wake ulikuwa mkavu na wenye nguvu kuliko nilivyodhani. Aliubana wangu mara moja, akauachia.

"Umenifunga," alisema. "Vizuri."

Kisha akavaa kofia na kutangulia kwenda kwenye gari, mimi nyuma yake, kama tulivyokuja. Alikaa kiti cha nyuma. Hatukulizungumzia njia nzima ya kurudi Birmingham, ila tulipokuwa tunaiacha milima aliuliza kama ardhi ya pwani inabaki ngumu mpaka mwezi gani.

Tulipofika aliomba ile kadi ya simu ya kukwangua iliyokuwa imekaa juu ya friji bila kutumika, kwa sababu kwa muda mrefu alikuwa anasema hana habari ya kumwambia mtu. Akampigia mwenzake wa zamani wa mgodini. Mimi nilikuwa jikoni na alikuwa anaongea kwa sauti kubwa, kama watu wa rika lake waongeavyo na mtu aliye mbali.

"Nimefungwa leo," nilimsikia akisema. "Na mkwe wangu. Mke wa mwanangu, ndiyo." Akasikiliza. "Hapana, hakunisamehe hata mmoja. Alihangaika mpaka shimo la mwisho." Akasikiliza tena, akacheka. "Ardhi kama ya kwetu, wewe. Nakuambia, kama ya kwetu."

Jumamosi mume wangu alitafuta mfuko pale mlangoni chini ya makoti asiuone. Alimwuliza baba yake uko wapi, auwahishe kabla duka halijajaa watu. Baba alikuwa ananyoa ndevu zake mbele ya kioo cha kwenye korido, shavu moja bado lina povu.

"Uko kwenye gari la mkeo," alisema. "Uache humo humo."

Mume wangu akanigeukia aelezwe, lakini mimi nilikuwa nimebeba chai ya baba. Nikaiweka mezani, nikarudi nyuma, ndipo akaja kuichukua. Tuliendelea hivyo miaka yote aliyokaa nasi, chai mezani na yeye kiti cha nyuma, na kila tulipomaliza shimo la mwisho, awe ameshinda yeye au nimeshinda mimi, alivua kofia na kunipa mkono.